Mpanda Haikuzaliwa Pembezoni

"Mkoa wa pembezoni" ni jina ambalo Katavi ilikuwa nalo hata kabla haijawa mkoa. Limo katika taarifa za serikali, limo mdomoni mwa mwalimu anayepokea barua ya kupangiwa kituo Mpanda, na wenyeji wenyewe wamelirudia mpaka limegeuka kuwa jibu la kila swali: kwa nini lami ilichelewa, kwa nini umeme wa gridi ulichelewa, kwa nini nchi hii hutajwa kwa nadra katika historia ya taifa. Jina hilo limebeba nadharia nzima. Kwa mujibu wake, jiografia ilikwisha kuamua. Nchi iko mbali, imefunikwa na miombo, ina mbung'o na mvua ya msimu mmoja. Kwa hiyo historia ilipita Tabora, Ujiji na pwani, na watu wa kati ya mto Ugalla na Ziwa Rukwa wakabaki kuisubiri.

Nadharia hiyo haisimami. Mahali huwatengeneza watu, hilo ni kweli, lakini hakuna mahali palipo vilevile nyakati zote. Umbali wa Mpanda ulitengenezwa, kwa matukio yanayoweza kutajwa kwa mwaka, na pori lake nalo lina umri. Anayeuita umbali huo maumbile anawafuta watu waliouleta, na pamoja nao wale walioishi ndani yake na kuufanyia kazi.

Swali la kwanza ni hili: mbali na wapi? Katika miaka ya 1870 kitovu cha biashara ya bara kilikuwa Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo. Misafara iliyopanda kutoka Bagamoyo iligawanyika hapo. Njia mojawapo ilishuka kusini-magharibi, ikapita Ukonongo na Mpimbwe kuelekea Ufipa na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kulikotoka pembe za ndovu, shaba na watumwa. Vita vya mtemi Mirambo vilipoifunga njia ya Ujiji mwaka 1871, Henry Morton Stanley hakuwa na pa kupita ila huku. Alizunguka kwa Ukonongo na Ukawendi mpaka akamfikia Livingstone Ujiji, na mwanzoni mwa 1872 wote wawili walirudi Unyanyembe kwa kuikata nchi hiyohiyo. Wakonongo, wawindaji wa tembo na warina asali, hawakuwa wakiishi ukingoni mwa dunia. Waliishi njiani, na maisha ya njiani yana faida zake na hatari zake: bidhaa hufika, na ruga-ruga, wapiganaji wa kukodiwa, nao hufika.

Mwaka 1879 njia hiyo iliingizwa katika mipango ya Ulaya. Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, iliyoanzishwa Brussels mwaka 1876 chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ilimtuma Kapteni Ernest Cambier kujenga kituo kwenye Ziwa Tanganyika. Cambier hakwenda Ujiji, ulikokuwa mji wa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Alichagua Karema, kwenye pwani ya ziwa ambayo leo ni ya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi. Karema ilikusudiwa kuwa kiungo cha kwanza katika mnyororo wa vituo wa kuingilia Kongo kutoka mashariki. Mwaka huohuo tembo wanne kutoka India walishushwa pwani karibu na Dar es Salaam, ili ijaribiwe kama wanyama wangeweza kuchukua mizigo badala ya wapagazi. Wakiongozwa na Frederick Carter, walikufa mmoja baada ya mwingine njiani, na ni mmoja tu aliyefika Karema.

Carter mwenyewe hakurudi kwao. Mwaka 1880, akiwa safarini kuelekea pwani, yeye na mwenzake Cadenhead waliuawa Mpimbwe, kijiji kiliposhambuliwa na majeshi ya Mirambo. Hadi hapo balozi wa Uingereza Zanzibar, John Kirk, alikuwa akijenga uhusiano na Mirambo na kumwona kama mtawala ambaye Waingereza wangeweza kufanya naye kazi. Baada ya Mpimbwe uhusiano huo ulikatika. Mtemi mwenye nguvu kuliko wote katika eneo hilo la bara alipoteza mshirika wake mkubwa wa kigeni kwa sababu ya shambulio moja katika kijiji cha Wapimbwe, na matokeo yake yalisikika Zanzibar na London. Hivyo ndivyo mahali panavyoingia katika historia. Hapahitaji kuwa pakubwa. Panahitaji kuwa pale ambapo njia za watu zinakutana kwa wakati fulani.

Basi Karema ilikuwaje mbali? Mambo matatu yaliisukuma, na yote matatu yalitokea ndani ya miaka thelathini na mitano.

La kwanza lilikuwa la ziwa lenyewe, na linastahili kuangaliwa kwa karibu kwa sababu ndilo pekee kati ya matatu ambalo mtetezi wa jiografia angeweza kulidai kuwa lake. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga, upande wa Kongo. Kwa muda mrefu mlango huo ulikuwa umezibwa na matope na majani, na maji yakapanda. Msafiri Cameron aliuona mwaka 1874, Stanley akaufikia mwaka 1876 ukiwa bado umeziba, na wasafiri wa kwanza wakabishana kama kweli maji yalikuwa yakitoka. Mwishoni mwa muongo huo kizibo kilivunjika, ziwa likaanza kumiminika magharibi. Katika miaka kama kumi na mitano iliyofuata lilishuka kwa takribani mita 10. Cambier alichagua kilima chake ziwa likiwa ndiyo kwanza limeanza kushuka. Ngome iliyojengwa ili iwe bandari ikajikuta inatazama tambarare ya matope na matete, na mashua zikawa zinatia nanga mbali na ukuta wake. Jiografia yenyewe haikutulia hata miaka kumi. Anayesema kwamba ardhi iliamua mambo ya Karema mara moja kwa zote hana budi kueleza ni ardhi ipi: ya 1878, iliyokuwa chini ya maji, au ya 1890, iliyokuwa ikiota majani.

La pili lilikuwa la mezani. Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 na mikataba iliyouzunguka ilimpa Leopold Kongo, na mlango wake ukawa Atlantiki, kwa kuufuata mto ambao Stanley alikuwa ameushuka mwaka 1877. Mashariki ya ziwa ikaangukia upande wa Wajerumani. Karema ikakoma kuwa kiungo cha mnyororo wa mtu yeyote, na mwaka 1885 ikakabidhiwa wamisionari wa Kikatoliki, Mapadri Weupe. Udongo haukubadilika, wala watu hawakuhama. Ramani ndiyo iliyogeuzwa.

La tatu lilikuwa reli ya kati. Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tangu siku treni ya kwanza ilipofika Kigoma, kila kilichokuwa kusini mwa reli hiyo kilianza kupimwa kwa umbali wake kutoka stesheni. Njia ya Ukonongo, iliyokuwa barabara kuu ya miguu, ikawa njia ya kichochoroni. Hapo ndipo upembezoni wa Katavi ulipoanza kweli, na umri wake hauzidi karne moja na kidogo.

Hata ndani ya kimya hicho kilichofuata, picha ya watu waliokaa wakisubiri haikubaliki. Adrian Atiman alizaliwa kando ya mto Niger katika miaka ya 1860, akatekwa na kuuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe kaskazini mwa Afrika na kusomeshwa udaktari Malta. Alifika Karema mwaka 1889. Alioa katika familia ya kitemi ya Wabende, akatibu wagonjwa wa pwani hiyo ya ziwa kwa miaka sitini na saba, na alifariki hapo mwaka 1956. Alikuwa daktari Mwafrika aliyefunzwa kwa kiwango cha Ulaya, akifanya kazi magharibi mwa Tanganyika kabla Wajerumani hawajaituliza nchi waliyokuwa wanaidai. Watu wa Karema walikuwa na daktari huyo kijijini kwao wakati wilaya nyingi zilizoonekana za mbele hazikuwa na yeyote. Maisha ya Atiman yaliunganisha Sahara, Mediterania na Ziwa Tanganyika, na yakatua mahali ambapo vitabu vingi vinapaita pasipofikika.

Kisha likaja suala la risasi. Katika miaka ya 1930 madini ya risasi yaligunduliwa Mukwamba, karibu na Mpanda, pamoja na shaba, fedha na dhahabu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia dunia ilihitaji madini, na serikali ya Waingereza, ambayo kwa miaka thelathini haikuona sababu ya kuleta chuma upande huu, ikajenga tawi la reli kutoka Kaliua, kilomita 210 kupita mto Ugalla na miombo yake, likafunguliwa mwaka 1950. Mgodi uliendeshwa na kampuni ya Uruwira Minerals, na kwa muongo mmoja risasi ya Mpanda ilikuwa miongoni mwa madini muhimu yaliyouzwa nje ya Tanganyika. Mji ukaota. Mwishoni mwa miaka ya 1950 bei ya risasi duniani ilishuka, na mwaka 1960 mgodi ukafungwa.

Hapa mantiki ya upembezoni hujifichua. Mpanda ya 1955 ilikuwa na mbung'o walewale, mvua ileile na umbali uleule kutoka Dar es Salaam kama Mpanda ya 1935 na ya 1961. Mwaka 1935 iliitwa pori, mwaka 1955 iliitwa mradi wa taifa, na mwaka 1961 ikaanza kuitwa mzigo. Ikiwa kitu kimoja hakibadiliki na jina linabadilika mara tatu, hicho hakiwezi kuwa chanzo cha jina. Kilichobadilika ni bei ya risasi, na hamu ya wenye mamlaka. Reli, kwa upande wake, ilibaki. Treni iliyojengewa mgodi ikaanza kubeba mahindi, mpunga, tumbaku, asali na watu. Mabehewa ya daraja la tatu yaliyojaa magunia na ndoo za asali yalikuwa kwa miaka mingi kiungo cha uhakika kuliko barabara yoyote wakati wa masika. Wakulima waliirithi reli na kuipa kazi ambayo waliopanga kuijenga hawakuikusudia.

Hoja ya pili ya wanaoitetea jiografia ni pori. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na baadaye kupanuliwa hadi kilomita za mraba 4,471, hutangazwa kwa wageni kama Afrika ya asili isiyoguswa. Maneno hayo huuza safari, lakini ni ya uongo, na yanadhuru, kwa sababu nchi isiyoguswa ni nchi isiyo na wenyewe. Jina la hifadhi lenyewe linayakana. Katabi ni mzimu wa Wabende na Wapimbwe, na karibu na Ziwa Katavi uko mkwaju ambapo watu wameweka sadaka kwake vizazi kwa vizazi. Mzimu haukai mahali ambapo hakuna mtu wa kuukumbuka.

Katika miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki na kuteketeza ng'ombe pamoja na nyati na wanyama wengine wa porini. Ndui na njaa vilifuata, baada ya miaka mingi ya vita vya misafara. Watu walipopungua, mashamba yalirudi kuwa kichaka, na kichakani ndiko anakozaliana mbung'o, au ndorobo kama anavyoitwa sehemu nyingi za magharibi. Mbung'o alileta malale. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza ikawakusanya maelfu ya watu wa magharibi ya Tanganyika katika makazi ya pamoja ili kuwaepusha na ugonjwa, na nchi walizoziacha zikawa za wanyama. Kisha wataalamu walipofika na kukuta wanyama bila watu, wakaandika kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. John Ford, mtaalamu wa mbung'o aliyefanya kazi miaka mingi Afrika, alieleza mzunguko huo katika kitabu chake cha mwaka 1971, na Helge Kjekshus akauweka katika historia ya Tanzania mwaka 1977.

Kjekshus alikosolewa kwa haki kwamba aliuona ulimwengu wa kabla ya ukoloni kuwa na amani na shibe kuliko ulivyokuwa. Ni lazima pia ikubaliwe kwamba miombo ya Ukonongo ilikuwa na mbung'o kabla ya sotoka, kwamba udongo wake mwingi ni mwepesi, na kwamba Wakonongo hawakuwahi kuwa wafugaji wakubwa. Hakuna sababu ya kuyaficha hayo. Lakini kati ya nchi yenye mbung'o ambamo watu wanalima, wanawinda, wanachoma majani kwa wakati wake na kurina asali, na nchi yenye mbung'o isiyo na watu, kuna tofauti iliyoletwa na miaka arobaini ya misiba na amri. Tofauti hiyo ndiyo inayoitwa asili.

Mto Katuma unaonyesha jambo hilo kwa macho. Mwishoni mwa kiangazi, Septemba na Oktoba, maji yake ndani ya hifadhi husinyaa hadi kuwa madimbwi ya tope, na viboko hubanana humo kwa mamia, mgongo kwa mgongo, wengine wakiwa na majeraha ya kugombania nafasi, huku mamba wakijichimbia mashimo kwenye kingo. Watalii huipiga picha kama tamasha la maumbile. Lakini sehemu ya ukame huo imetokana na wakulima wa mpunga wa juu ya mto, walioziba na kuchepusha maji kumwagilia majaruba. Kiboko anayekufa topeni na gunia la mchele linalopakiwa Mpanda ni mambo ya mto mmoja. Kulitenga pori na shamba, na kuliita moja maumbile na jingine uvamizi, ni kukataa kuona kinachotokea.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi, kwa kuwa inahusu watu moja kwa moja. Inadaiwa kwamba wengi wa wakazi wa Katavi ni wa kuja: Wasukuma na ng'ombe wao, Wafipa, na wakimbizi wa Burundi, na kwamba watu wa kuja hawana historia ya mahali. Ushahidi wa kuipinga uko ndani ya mkoa huuhuu.

Baada ya mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, Wahutu wengi walikimbilia Tanzania. Serikali iliwapa makazi Ulyankulu mkoani Tabora, Katumba kando ya reli ya Mpanda, na kuanzia mwaka 1978 Mishamo, ndani kabisa ya msitu. Walipewa mashamba, majembe na mbegu, wakaufyeka msitu wenyewe. Wengine hawakuingia makazini, wakajichanganya mjini Kigoma. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alikaa na makundi yote mawili mwaka 1985 na 1986. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1995 alionyesha jambo ambalo mwanahistoria yeyote wa mahali anapaswa kulifikiri kwa muda mrefu. Watu wale walitoka nchi moja, walikimbia mauaji yaleyale, na walisimulia katika miaka ileile. Lakini Mishamo walisimulia historia kubwa ya pamoja, ya taifa la Wahutu, uhamisho wake na kurudi kwake siku moja. Kila mtu aliijua na kuitetea. Kigoma mjini hawakuwa nayo. Huko mtu alikuwa mvuvi, muuza duka au jirani, na wengi walipendelea wasijulikane kama wakimbizi.

Tofauti ilikuwa ni mahali. Mishamo watu waliishi pamoja, mbali na wengine, chini ya kamanda wa makazi, wakihitaji kibali ili watoke, na kila kitu kilichowazunguka kiliwakumbusha kwamba wao ni kundi moja linalosubiri. Haikuwa bahati tu kwamba chama cha Palipehutu kilizaliwa Mishamo mwaka 1980. Chama hicho kilikuja kuwa sehemu ya historia ya Burundi yote, kikapigana vita vyake na mrengo wake ukaingia katika mazungumzo ya amani. Siasa ya nchi jirani ilipikwa katika msitu wa Mpanda. Basi wanaosema kwamba historia haikupita huku watafute jina jingine la kuliita jambo hilo.

Hawa watu wa kuja hawakubaki wa kuja. Wakimbizi wa 1972 walipoulizwa mwaka 2007 na 2008 wanataka nini, wengi mno waliomba uraia wa Tanzania. Zaidi ya 162,000 walikubaliwa mwaka 2010, na ugawaji wa vyeti ukaanza mwaka 2014 baada ya kusubiri kwa uchungu, kwa kuwa awali ilitakiwa wahame kwanza kutoka makazini. Waliozaliwa Katumba na Mishamo wamezika wazazi wao huko. Historia yao ya mahali ina makaburi, visima na mipaka ya mashamba, sawa na historia ya Mpimbwe au Mbende.

Katavi ilimegwa kutoka Rukwa na kuwa mkoa mwaka 2012, na sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Hakuna mkoa mwingine wa Tanzania uliokua kwa kasi hiyo. Waliokuja hawakusukumwa na upepo. Walifuata ardhi ya mpunga na mahindi, malisho, dhahabu ya wachimbaji wadogo na, katika miaka ya karibuni, barabara ya lami kutoka Tabora. Migogoro kati ya wakulima, wafugaji na hifadhi ni mikali, na itaendelea kuwa mikali maadamu inaamuliwa kwa dhana kwamba nchi hii ilikuwa tupu na kwamba kila mtu aliyemo ni mvamizi wa kitu fulani.

Huko Karema, serikali imejenga bandari mpya inayokusudiwa kuhudumia mizigo ya Kongo, hasa ya Moba na Kalemie. Ni njia ileile ya magharibi iliyomleta Cambier. Na Kalemie, mmojawapo wa miji ambako shehena hizo zinakusudiwa kushushwa, umekaa mahali ambapo mto Lukuga unatoka ziwani: pale pale kizibo kilipovunjika katika miaka ya 1870 na maji yakaanza kuuacha ukuta wa Karema.